Alama ya Mkaa Mlangoni mwa Jiko

Mzee Melkior, mpishi wa chuo cha walimu kilichokuwa juu huko Kirua Vunjo zamani za Mwingereza, hakujua kusoma, lakini neno akishasomewa alilishika kuliko wenye macho ya kitabu. Juu ya mlango wa ofisi padri mkuu alikuwa ameandikisha: CHUO HIKI HUKUZA KILA AINGIAYE. Melkior akaomba asomewe, akasomewa, akarudi jikoni na mzigo mpya moyoni. Maana, jamani, kati ya padri na mpishi, nani humkuza mtu?

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi mgeni alisimamishwa kwenye mwimo wa mlango wa jiko, akachorewa alama ya mkaa usawa wa utosi. Kila Pasaka walipimwa upya, na wote walipanda, ila mmoja. Basili wa Kilema, kijana mwenye aibu aliyenong'ona hata akiitikia jina lake, alibaki palepale mwaka wa kwanza, na wa pili pia.

Kisha zikaja habari: mwezi wa kumi mkaguzi wa serikali atapanda kutoka Moshi kuangalia kama wanafunzi wanakua. Melkior aliona wazi atakayefukuzwa. Si Basili, ni yeye, na miaka yake kumi na minne ya kumenya ndizi na kulia moshi.

Basi akawa anamwita Basili jikoni kila jioni na kumpa bakuli la mtori mzito, ndizi na nyama zilizopondwa pamoja, chakula ambacho Wachaga humpa mwanamke aliyejifungua. Wenzake wangenyamazaje?

"Mzazi ameamkaje?" walimuuliza asubuhi. "Na mtoto, ananyonya?"

Basili alitamani kukimbia, lakini sharti la mzee lilikuwa moja, bakuli liishe. Na kwa kuwa bakuli lilikuwa kubwa, ikabidi wazungumze. Mzee alitaka kujua kijana amesoma nini. Kijana akanong'ona.

"Sema juu, mwanangu, chungu kinachemka."

Tena mzee alikuwa mbishi. Kwamba dunia ni ya mviringo alikataa siku tatu, mpaka ya nne Basili akapanda juu ya kigoda, kiazi mkononi, akamweleza kwa sauti iliyofika bwenini.

Mkaguzi akafika, akataka kila mmoja afundishe somo. Melkior alijibanza nje ya dirisha na mwiko wake, akiomba tu Basili apewe kitu cha kukanyagia. Zamu yake ilipofika, Basili alitoa kiazi mfukoni. Sauti haikutetemeka. Mmoja wa nyuma alipojibu swali kwa kunong'ona, Basili akamwambia aseme juu, chungu kinachemka, na darasa zima likacheka, mkaguzi naye humo.

Wakati wa chakula mkaguzi alisimama akasema, "Katika chuo hiki, aliyekua kuliko wote ni Basili."

Melkior akatua sinia. Akamshika Basili mkono hadi mlangoni, akampima. Alama ileile. Akamwambia anyooshe shingo. Ileile. Akamtazama mkaguzi kwa mbali, akaiona miwani yake minene, akaelewa yote. Kisha akachukua mkaa, akachora alama mpya vidole viwili juu ya utosi.

"Mzee, hapo sijafika," Basili akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Serikali imeshasema."