Phelista Akataa Mistari Myeusi

Phelista Nakhungu alipoambiwa afute rangi kwenye michoro yake, alijibu neno moja tu: "Sifuti."

Bosi wake, Kipkemei, hakuwa amezoea kujibiwa hivyo. Karakana yake ya milango na vitanda pale Kitale aliianzisha kwa msumeno na randa. Hata baada ya kununua mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, bado aliamini mchoro halali ni ule wa mistari myeusi. Phelista alikuwa amekuja hapo miaka miwili nyuma, akitoka chuo cha ufundi Bungoma. Wiki yake ya kwanza aliwakuta wenzake wakibishana mbele ya mashine: huu mstari ni wa kukata ama wa kuchonga? Mbao nyingi zilikuwa zimeharibikia kwenye swali hilo.

Akaanza kuigawa michoro kwa matabaka, kila tabaka na rangi yake, yamepangwa moja juu ya jingine kama karatasi zinazopitisha mwanga. Nyekundu: kata mpaka ng'ambo. Kijani: chonga juu juu, milimita nne. Buluu: toboa matundu ya bawaba na kitasa. Mwendesha mashine alichagua tabaka, akaiambia mashine itumie kisu gani na kizame kiasi gani.

Mwendesha mashine huyo alikuwa Wangila, mtu wa Webuye, mpole, asiyependa maneno mengi. Tangu rangi zianze hakuwa ameharibu hata kipande kimoja, mpaka siku ya mlango wa kanisa.

Kanisa lenyewe lilikuwa Bokoli, alikozaliwa Phelista. Mvule mkubwa uliokuwa uani mwa kanisa uliangushwa na upepo, waumini wakaupasua mbao, wakakubaliana kwamba mlango mpya utoke kwenye mti huohuo. Mbao nzuri zilitosha mlango wenyewe na ubao mmoja mpana wa akiba, basi. Phelista alichora msalaba katikati na majani ya mahindi pembeni, yote kwa kijani.

Jumanne asubuhi aliisikia sauti ya mashine ikibadilika, ikawa nzito, ya kisu kinachozama. Alitoka ofisini mbio. Majani yalikuwa bado hayajaguswa, lakini msalaba ulikuwa umekatwa mpaka ng'ambo, umelala mzima juu ya meza ya mashine, na ubao wa mvule umebaki na shimo lenye umbo lake.

Kipkemei hakupiga kelele. Alipitisha mkono kwenye lile shimo, akautoa.

"Si nilisema? Rangi ni za watoto. Kuanzia leo kila mstari mweusi. Futa."

Ndipo Phelista alipojibu vile. Kisha akaongeza, "Miaka miwili, ubao mmoja. Kabla ya rangi mlikuwa mnaharibu kila wiki. Nipe hadi saa sita nijue nini kimetokea."

"Saa sita. Halafu ufute, ama uende nyumbani."

Alifungua mchoro. Msalaba ulikuwa kijani, kama alivyouchora. Lakini aliona kitu kingine: jana yake alikuwa ameongeza tabaka la alama za kupimia, na orodha ya matabaka ikapanguka. Nyekundu, iliyokuwa juu siku zote, ilikuwa imeshuka, kijani ikakaa mahali pake. Mtu anayeangalia rangi hangekosea. Angekosea anayehesabu tu.

Alimkuta Wangila ameketi nyuma ya rundo la mbao. Akamwonyesha picha kwenye simu. "Hii ni rangi gani?"

"Usinifanyie hivyo, Phelista."

"Nakuuliza tu."

Wangila alitazama chini. "Nyekundu na kijani mimi naona kitu moja. Kama majani imekauka. Nilizaliwa hivyo. Mimi huangalia tu iko ya ngapi. Ya kwanza ni ya kukata. Kazi ya kwanza nilifutwa juu ya hiyo. Ukimwambia bosi, nimeisha, bana."

Phelista alishikwa na aibu. Rangi zile alizichagua mwenyewe na kuzipenda, akazitetea, na hakuwahi kumuuliza mtu anayeshinda akizitazama kama anaziona.

"Sitamwambia," alisema. "Na rangi sifuti."

Saa sita Kipkemei alisimama mlangoni mwa ofisi. "Umepata nini?"

"Kosa langu. Nilizipanga vibaya. Nitazipanga upya."

"Sikusema kupanga. Nilisema kufuta."

"Basi naenda. Lakini mkichora kwa mistari myeusi mtaharibu na ubao wa mwisho, na Bokoli nitawaambia hivyo."

Akachukua mkoba wake. Mashine ikanyamaza ghafla. Wangila alikuja akivua vizibo vya masikio, akasema yote mbele ya mafundi wote.

"Ati miaka yote hii nimeweka kipofu kwa mashine yangu?" Kipkemei aliuliza.

"Usimwite kipofu!" Phelista aliutupa mkoba juu ya meza. "Hakuna mtu hapa anayeijua hiyo mashine kumshinda. Mimi ndiye nilichagua rangi bila kumuuliza. Akienda, tunaenda wawili."

Kipkemei aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Mwishowe akauliza, "Umebaki ubao mmoja?"

"Mmoja. Na siugusi kabla sijawaambia wenyewe. Ni mti wao."

Kesho yake alienda Bokoli, akasimama mbele ya kamati ya ujenzi. Walikasirika. Mmoja alitaka ubao urudishwe, upelekwe kwa fundi wa patasi kule Lugulu. Phelista hakuinamisha kichwa. "Kosa ni letu, na sikuja kuomba huruma. Kama hamtuamini, tumeni mtu asimame pale tukichonga."

Mwenyekiti wao, Mama Rosaline, alijifunga leso. "Nitakuja mimi mwenyewe."

Safari hii Wangila ndiye aliyechagua. Manjano ikawa ya kuchonga, buluu ya kukata, nyeusi ya kutoboa. Na kila tabaka likaandikwa jina lake wazi: KATA, CHONGA, TOBOA. Ijumaa Mama Rosaline alisimama kando ya mashine, unga wa mbao ukimjaa kichwani, hakukubali kuketi. Kisu kilipoinuka, aliingiza kidole kwenye msalaba, akaufuata mpaka mwisho, kisha akainama kutazama chini ya ubao. Palikuwa pazima.

"Endeleeni," alisema.

Kipkemei hakuomba msamaha kwa yeyote. Lakini mwaka uliofuata alipofungua karakana ya pili Bungoma mjini, alimpa Phelista aisimamie. Alimletea tangazo la kutafuta mtu wa mashine, na ndani yake ameandika kwamba kila anayeomba kazi aje na cheti cha macho.

Phelista alikata mstari huo kwa kalamu mbele yake.

"Unafanya nini?"

"Nitawauliza wanaona rangi gani," alisema, akimrudishia karatasi. "Halafu nitachora kwa hizo."