Macho Niliyoyaanika Usenge

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya Januari, ufuoni Usenge, ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Nakuita mwanangu ingawa sijafika hata miaka arobaini, kwa sababu umeniandikia ukitaka kujifunza kazi ya kuandika majina kwenye boti, na katika kazi hii mimi nimetangulia kuumia.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama boti za wengine na kunakili herufi kwenye vipande vya mbao. Kosa dogo liliniumiza siku nzima, kwa hiyo nikajitungia sheria: brashi ikigusa ubao, sipepesi macho mpaka herufi iishe. Niliona fahari juu ya sheria hiyo. Nilisimama mchana kutwa nikiukabili upepo wa ziwa, jua likinirudia kutoka majini, nimekodoa tu.

Kufikia Disemba macho yalikuwa yanachoma kama yana mchanga, kisha yanabubujika machozi. Mtu angeniambia yamekauka ningemcheka. Yamekauka vipi na mikono ya shati imelowa? Nikanunua matone ya kuondoa wekundu bila kumwuliza mtu, nikawa natia kila yalipochoma. Wekundu uliondoka kidogo, ukarudi umezidi. Nilidhani napofuka. Hofu hiyo sikumwambia yeyote.

Ijumaa hiyo nilikuwa naandika boti mpya ya Mama Akinyi, mwanamke anayeanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapo ufuoni. Jina lilikuwa NYAR ASEMBO, yaani, kwa Kijaluo, binti wa Asembo. Ndivyo watu walivyomwita marehemu mama yake. Boti ilikuwa iombewe na kuingia majini kesho yake. Tangu asubuhi nilikuwa nimemaliza herufi tatu tu. Ya nne nilikuwa nimeifuta mara sita, kwa sababu kila nikiitazama naiona mbili.

Mama Akinyi akaja akasimama nyuma yangu.

"Fundi, boti ni yangu. Wewe unalia ya nini?"

"Silii, Mama. Ni harufu ya rangi."

"Harufu gani na kopo umefunika?"

Akanishika kidevu, akanigeuzia kivulini.

"Hii macho imekuwa hivi tangu lini?"

"Disemba."

"Na umenyamaza!"

"Niliogopa, Mama. Wakijua sioni vizuri, nani atanipa boti?"

Akawaonyesha kwa kidole wenzake waliokuwa wakigeuza omena kwenye nyavu, wote wameupa upepo mgongo, leso zimeshuka mpaka kwenye nyusi. "Angalia hao. Sisi tunaanika omena ikauke. Wewe unaanika macho."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Huyu tutauza kwa debe ama kwa gorogoro?"

Mimi nilimsihi Mama Akinyi aniache nimalize. Niliona aibu ya nusu jina itanifuata mpaka Port Victoria. Akaitoa brashi mkononi mwangu, taratibu tu. "Kesho itaingia kwa maji hivyo hivyo. Mama yangu hakuwa mtu wa kukasirikia herufi. Wewe enda Bondo waangalie hiyo macho."

Nikaenda. Kwenye kliniki ya macho nikaelezwa kwamba jicho lisilopepeswa hukauka, na likikauka huwashwa, ndipo linamwaga maji mengi yasiyolilainisha. Sikuwa napofuka, lakini ningeendelea vile ningejijeruhi. Yale matone ya wekundu nikaambiwa niyaache, nikapewa ya kulainisha.

Boti ikaingia majini ikiwa NYA tu. Vijana wa ufuoni wakaiita Nya kwa wiki tano, na samaki ilileta vilevile. Nilipoimalizia, Mama Akinyi aliniletea kiti na mwavuli, akaviweka upande wa upepo.

Nakiri kwamba hata katika kupona niliharibu kwa bidii. Niliweka kengele ya simu kunikumbusha kupepesa, na nikiikosa moja najilaumu mpaka jioni. Mama Akinyi alipoisikia na kujua ni ya nini, alicheka hadi akakaa chini. "Hata kupepesa unataka upate mia kwa mia?" Nikaizima.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Pepesa macho kila unapochovya brashi, ukiyafumba kabisa. Kuanzia Disemba hadi mvua za Machi, wakati wa upepo na vumbi, fanya kazi asubuhi, geuza boti au jigeuze wewe, vaa miwani inayoziba pembeni. Mvua ikija utapata nafuu; usitupe matone yako ukadhani umepona, kwani wadudu wa ziwani na moshi wa jikoni bado wapo. Miezi ya baridi, kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope kinanisaidia sana. Feni isikupulize usoni. Macho yakiuma hasa, au ukianza kuona ukungu, usingoje kama nilivyongoja mimi: nenda ukapimwe, na umwambie mtu mmoja anayekupenda. Siku utakayosahau yote haya, anza tena kesho bila kujichapa.

Mungu akupe kazi nyingi na kivuli cha kuifanyia. Na macho yako yakilowa, yalowe kwa furaha ya kuona boti uliyoiandika ikirudi nyumbani.