Mkono wa Kulia wa Gari la Moshi

Mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika reli ya Bububu ilipita wapi, ingawa nimekimbia juu yake, au karibu yake, kwa miaka mingi. Iling'olewa kabla baba yangu hajazaliwa. Nilipomaliza sekondari, katika miaka ya themanini, kilichobaki ni maneno ya watu na vipande vya chuma. Kipande kimoja kilikuwa nguzo ya banda la ng'ombe. Kingine kilitundikwa mtini kwenye skuli, kikawa kengele, na nikikipita saa za jioni nilikuwa nakigonga kwa jiwe ili nisikie mlio wake.

Nilikuwa sina kazi ya kukaa nayo. Nyumba yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, na kila chumba kilikuwa na mtu. Baada ya sala ya alasiri nilivaa raba zangu, nikateremka ngazi, nikatokea Darajani, na kutoka hapo nikafuata njia ya kaskazini: Gulioni, Mtoni, Kibweni, mpaka Bububu, bahari kushotoni na minazi kuliani. Nilikuwa nikikimbia bila ya kujua nataka nini huko. Ndipo Bibi akanipa la kutafuta.

Bibi, mama yake mama yangu, alipanda lile gari la moshi alipokuwa mtoto. Wazazi wake waliachana. Mama yake akarudi kwao shamba, yeye akabaki mjini kwa baba, na shangazi yake ndiye aliyekuwa akimpeleka kumtazama mama. Kisha mama akafa, akazikwa huko huko. Shangazi akaendelea kumpeleka, safari hii kaburini, mpaka gari la moshi lilipokoma. Baada ya hapo hakupelekwa tena. Watu wa kwao wakahama, baada ya Mapinduzi mashamba yakagawiwa ekari tatu tatu kwa watu wengine, na kaburi likabaki kichwani mwa Bibi peke yake.

"Nshachoka kumsomea hewani," aliniambia. "Nataka nimsomee Yasini pale alipolala, kabla na mie sijalala. Wewe una miguu, mume wangu. Nitafutie."

Mume wangu ndilo jina alilokuwa akiniita. Kwa utani huo huo, mama yangu alikuwa mke mwenza.

Alama alizonipa zilikuwa nyepesi. Ukitoka mjini, kabla ya kufika Bububu, kuna kijidaraja. Ukishakivuka, kaburi liko mkono wa kulia, hatua chache tu, lina mawe ya matumbawe na mlangilangi kichwani, ule mti wa maua ya kunukia.

Nilidhani nitalipata siku ya kwanza. Nilivuka kijidaraja, nikaingia kulia, nikatokea kwenye minazi, kisha kwenye kibonde cha mpunga, kisha kwenye kibonde kingine. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliniona nikiteremka mbio, wakasimama wote kwa pamoja.

"Nani kafa?" mmoja aliniuliza kwa sauti.

Pumzi sikuwa nayo. Nikainua mkono kumwambia angoje. Yeye akauelewa vyengine ule mkono, akatupa magugu, akajifunga kanga kichwani na kuanza kupanda juu.

"Hakuna aliyekufa, mama!" nikapata kusema. "Nafanya mazoezi!"

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Umekimbia kutoka mjini, uje ukimbie huku? Huko kwenu hakuna pa kukimbilia?"

Wakacheka. Nilipowauliza kaburi, hakuna aliyecheka tena, lakini kila mmoja alinyoosha mkono upande wake. Mzee aliyekuwa akifunga ng'ombe alisema reli ilipita chini ya barabara ya lami yenyewe, kwa hiyo nirudi barabarani. Mwenzake akamwambia asimdanganye mtoto wa watu, reli ilipita nyuma ya minazi, yeye mwenyewe aliliona tuta lake. Nililiendea lile tuta. Lilikuwa tuta, hilo kweli, lakini bonde zima lilikuwa na matuta.

Nikawa narudi kila jioni. Niliyazoea yale mabonde kuliko mitaa ya kwetu, nikajua mfereji gani unarukika na mbwa gani anafunguliwa mapema. Makaburi niliyaona mengi. Yenye mawe hayakuwa na mlangilangi, na mlangilangi nilioupata ulikuwa umeota uani kwa mtu aliyeupanda mwenyewe.

"Leo umefika wapi, mume wangu?"

"Kule kule, Bibi."

"Hukuliona?"

"Sikuliona."

"Basi hukwenda kulia."

Nilikuwa nimekwenda kulia mpaka karibu nitokee Mwera. Nikaanza kuingiwa na shaka kwamba hakuna kaburi, kwamba ni utoto na uzee vimechanganyika kichwani mwake. Kisha nikikaa naye, akinieleza namna chumvi ilivyokuwa ikiwekwa kwenye embe walizonunua kituoni, shaka ilinitoka yote. Na mwaka ule alianza kuvimba miguu. Ngazi za nyumba yetu alikuwa hateremki tena ila kwa kushikwa huku na huku.

Mjomba wangu, mwanawe mkubwa, alikuwa na pikapu ya kubebea mchanga. Jumapili moja akaiosha, tukamteremsha Bibi na buibui lake, chetezo, udi na mkeka. Mjomba akamfungulia mlango wa mbele. Bibi akakataa.

"Mbele kuna moshi," alisema.

"Mama, moshi wa gari hii unatokea nyuma."

"Gari zote hutoa moshi mbele. Nipandisheni huko nyuma."

Tukampandisha. Alikaa juu ya mkeka, mgongo kwenye kichwa cha gari, uso kaelekeza mjini. Mimi nilikaa kwenye ubao wa mwisho nikimtazama, ili nimdake akiyumba. Tulikwenda polepole. Kila kitu alikiona baada ya kukipita, na kila alichokiona kilimshangaza. Tulipovuka kijidaraja, akagonga kioo cha mjomba kwa ngumi.

"Hapa! Simamisha! Hapa!"

Alikuwa akinyoosha mkono upande wa bahari.

"Bibi, uliniambia kulia."

"Kwani huu mkono gani?"

Aliuinua. Ulikuwa wa kulia. Nikautazama mkono wake, nikautazama wangu, uliokuwa upande wa mabonde.

"Kwenye gari la moshi ulikuwa ukikaa hivi hivi, mgongo kule liendako?"

"Ulitaka nikae vipi? Cheche ziniingie machoni? Shangazi alinikalisha hivi siku zote."

"Na wakati wa kurudi?"

"Kurudi nilikuwa nikilala."

Mjomba aliteremka, akatutazama sote wawili, akashika kiuno. Mabonde yangu yote yalikuwa upande wa pili wa barabara.

Mbele yetu palikuwa na nyumba ya udongo, kamba ya nguo na kuku. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alitoka akijifuta mikono. Mjomba akatoa salamu, akamweleza. Yeye akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mie nimeletwa hapa mwari," alisema. "Kaburi sijaliona. Lakini mawe yalikuwepo, tumejengea msingi."

"Na mti?" Bibi akauliza. "Mlangilangi?"

"Mti ulikuwepo. Mume wangu aliukata."

"Mti gani?"

"Mti tu, Bi mkubwa. Ulikuwa kuni."

Mjomba alianza kuomba radhi, kwamba tumeingilia mji wa watu. Mwanamke akamkata kauli. "Radhi ya nini? Mtu kaja kumsomea mama yake. Ngojeni niwatoe kuku." Akaanua nguo zake, mbichi vile vile, akapafagia pale chini ya kamba.

Tukatandika mkeka. Udi ukawashwa. Bibi hakuwa na msahafu, Yasini alikuwa nayo kifuani, na aliisoma kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, sauti ya mtoto wa chuo cha Kurani anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu. Mwenye nyumba alikaa nyuma yake, na alipoitikia amina aliitikia kama mwenye kufiwa.

Tulipomaliza, nikamsaidia kunyanyuka. Akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara, upande wa mabonde, muda mrefu.

"Mbona kule nako kama napajua?" alisema.

"Siyo hapa, Bibi?"

"Sijui. Wewe wasemaje?"

"Hata mie sijui."

Akafikiri. Kisha akageukia barabara akasoma na Alhamdu, kwa sauti kubwa zaidi, ya kuvuka barabara. "Haya. Atakuwa kasikia, huku au kule," alisema. "Nipandisheni."

Tukashika njia ya mjini. Tulipofika Mtoni alikuwa amelala.

Alifariki kabla ya mwaka kwisha, na kaburi lake nalijua vizuri. Mimi nikatangatanga: Tanga, Mombasa, Maskati, Matemwe kwenye mahoteli. Niliporudi mjini, katika miaka ya elfu mbili, umri ulishagonga arubaini na raba zilishakuwa nzuri zaidi ya miguu. Nikakimbia tena njia ile. Kijidaraja kimefukiwa kwa kifusi, au ni kile kingine. Nyumba ya udongo sikuiona. Upo ukuta mrefu mweupe wenye geti, na mlinzi aliyeniambia hajui nani alikaa hapo kabla.

Ng'ambo ya pili, mpunga umepungua na nyumba zimeteremka mpaka bondeni. Hakuna mtu wa kukuuliza nani kafa. Wanakimbia wengi siku hizi.

Juzi nilijaribu kugeuka, nikatembea kinyumenyume kutoka pale ninapodhani ni kijidaraja, mkono wa kulia nimeunyoosha. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo. "Mzee, umepoteza kitu?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza nini. Nikaona maelezo ni marefu, nikamwambia kaburi, na yeye akaondoka haraka.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nikifika Kibweni naanza kumsomea yule mama wa Bibi, ambaye hata jina lake sikuwahi kuuliza, na naendelea kusoma huku nakimbia, bahari upande mmoja na mabonde upande wa pili, mpaka nione minazi ya Bububu. Pumzi hainitoshi, maneno mengine nayameza. Lakini mahali fulani katikati ya hapo lazima nampita.