Penalti Iliyobaki Kipindi cha Kwanza

Mvua ya mawe ya Eldoret ina harufu yake. Huanza na ubaridi unaoingia ghafla mchana wa jua kali, kisha mawe yanaipiga mikaratusi, majani yanapondeka, na hewa yote inanuka dawa ya kifua. Wako watu wanaoipenda harufu hiyo. Mimi ikinifikia, hata nikiwa katikati ya soko na mzigo mkononi, najikuta nimesonya kabla sijafikiri. Inanirudisha kwenye uwanja mmoja wa shule, muhula wa pili, nilipokuwa kidato cha tatu, na kwa mtu mmoja tuliyemwita Bwana Ratiba. Nimekutana na wajinga wa kila namna katika ofisi za mji huu tangu siku ile, wengine wana vyeo na madereva, lakini wa kumshinda huyo sijamwona.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana wa kutwa, upande wa Kapseret, yenye madarasa manane na uwanja uliotumiwa na ng'ombe wa jirani kuliko sisi. Hakuna aliyetutazamia makubwa. Muhula ule, hata hivyo, tulikuwa na Nekesa. Alikuwa nahodha wetu, msichana mfupi, mwenye miguu ya nguvu na maneno machache, aliyekuja kila asubuhi kutoka Huruma, ng'ambo ya pili ya mji, na bado akafika kabla yetu sisi tulioishi karibu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alikuwa amemwambia wazi kwamba muhula ule ulikuwa wake wa mwisho shuleni, kwa sababu wadogo zake walikuwa wanamfuata na karo haikuwatosha wote. Njia ilikuwa moja tu. Kwenye mashindano ya mkoa walikuja walimu wa shule kubwa za mpira, wakachagua wasichana waliowapendeza, na hao walisomeshwa bure hadi kidato cha nne. Ili tufike mkoa tulihitaji kushinda mechi moja, fainali ya wilaya. Timu nzima tulilijua jambo hilo, na hakuna aliyelitaja mbele ya Nekesa.

Bwana Ratiba ndiye aliyekuwa katibu wa mashindano. Mpira hakuujua hata kidogo, na sidhani kama aliwahi kuupiga. Alichojua ni karatasi. Kila fainali alitembea na ratiba iliyopigwa chapa, ameitia ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: kuwasili kwa mgeni wa heshima, maombi, kipindi cha kwanza, mapumziko na chai, kipindi cha pili, hotuba. Kwake mechi ilikuwa kitu cha kujaza nafasi kati ya maombi na hotuba. Alikuwa na tumbo la kutangulia na kalamu tatu mfukoni mwa shati, na alipozungumza na wanafunzi aliangalia juu ya vichwa vyetu, kana kwamba nyuma yetu walikuwa wamesimama watu wa maana zaidi. Refa wa siku ile, mwalimu kijana kutoka shule nyingine, alimwogopa waziwazi. Kabla ya kupuliza kipyenga cha kuanza alimtazama kwanza yeye, ndipo akatazama saa.

Tulianza saa nane na nusu, ugenini, kwenye uwanja wa shule tuliyofika kwa lori. Uwanja ulikuwa na mteremko, upande wa juu ukiwa karibu na chumba cha walimu na upande wa chini ukiishia kwenye bonde lenye majimaji. Mimi nilikuwa kipa, na kipindi hicho nililinda lango la juu. Wenzangu walishambulia kuelekea chini, na kwa muda mrefu sikuwa na kazi yoyote ila kupiga kelele. Katika dakika ya ishirini na saba beki wao mmoja aliudaka mpira kwa mikono miwili ndani ya eneo lake, sijui aliona nini. Refa akaonyesha penalti. Hakuna aliyebisha, hata huyo beki mwenyewe. Nekesa akauweka mpira kwenye alama ya chokaa, akarudi nyuma hatua tano kama alivyozoea, na mimi kule juu nikaanza kuruka ruka, maana tangu kidato cha kwanza sikuwahi kumwona akikosa penalti. Mazoezini alinifunga kila siku, na kila siku nilijua atapiga kona gani. Hapo ndipo mawe ya kwanza yalipoanguka. Hayakungoja. Refa alipuliza kipyenga, akafunika kichwa kwa mikono, na uwanja mzima tukakimbia.

Sisi wachezaji tulibanana chini ya paa la darasa, mabati yakilia hadi hatukusikilizana. Wakubwa walikimbilia chumba cha walimu, ambacho dirisha lake tuliliona vizuri. Ilipofika saa tisa na dakika kumi, mvua ingali inamwagika, mama wa jikoni akaingia na birika kubwa na sinia la mandazi. Saa tisa na dakika kumi ndiyo iliyoandikwa kwenye ratiba kuwa saa ya mapumziko na chai, na kwa Bwana Ratiba kilichoandikwa kilifanyika, mbingu zianguke zisianguke. Tuliwaona wakinywa. Mgeni wa heshima alinywa, refa akanywa, na Mwalimu Wafula, kocha wetu, mtu tuliyemtegemea atutetee, alikuwa na andazi katika kila mkono. Sisi hatukupewa kitu. Tulipuliza vidole tukamtazama Nekesa, ambaye alikuwa ameukumbatia mpira na kuufuta maji kwa jezi yake.

Mvua iliacha saa tisa na dakika arobaini. Upande wa chini wa uwanja ulikuwa umegeuka dimbwi, lenye mawe meupe yanayoelea pembezoni. Nekesa alitangulia, akaitafuta alama ya penalti chini ya maji, akaweka mpira mahali alipoukadiria, akarudi hatua zake tano. Ndipo tukamsikia Bwana Ratiba akiita kutoka kwenye mstari, bado anatafuna.

"Wee msichana! Huo mpira peleka katikati!"

"Sir, ni penalti yetu," Nekesa akasema.

"Penalti gani? Sasa ni second half." Alitoa ule mfuko wa plastiki akaugonga kwa kidole. "Mapumziko na chai, saa tisa na dakika kumi. Chai imeshanywewa. Haftaimu imeisha."

"Lakini Sir, first half ilikuwa imebakisha dakika kumi na tatu."

"Hizo zimeenda na mvua. Na penalti ya kipindi cha kwanza imebaki kipindi cha kwanza. Mmepumzika nusu saa na zaidi, mnataka mapumziko mara ngapi? Ama mmekuja hapa kulala?"

Mgeni wa heshima akacheka, na wakubwa wote wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Neno lenyewe lilimsaidia. Kwetu mapumziko ni kukaa chini ukiwa umechoka, na mapumziko ni hizo dakika za kati ya vipindi viwili, na mtu mvivu wa kufikiri anaweza kuyafanya kuwa kitu kimoja bila kutoka jasho. Mtu aliyekaa akanywa chai wakati wa mvua amepumzika, na aliyepumzika amemaliza kipindi cha kwanza. Hivyo ndivyo kichwa kile kilivyofanya kazi, na kichwa kile ndicho kilichopewa mamlaka juu ya wasichana ishirini na wawili.

Refa alijua kwamba ni upuuzi, niliona usoni mwake. Alitukusanya katikati ya uwanja, akashusha sauti, akauliza, "Kuna mtu ana swali?" Na mimi nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimesoma kijitabu cha sheria za mpira kilichosahauliwa shuleni na mwalimu mmoja wa mazoezi, nimekisoma hadi jalada likang'oka. Kilisema wazi kwamba mchezo ukisimamishwa na mvua huendelea pale pale ulipoachwa, kwamba dakika zilizobaki huchezwa, kwamba mapumziko huja baada ya kipindi cha kwanza kumalizika na si kabla, na kwamba penalti iliyotolewa lazima ipigwe hata muda ukiwa umekwisha. Kijitabu chenyewe kilikuwa ndani ya begi langu, hatua thelathini kutoka pale. Nilifyata ulimi. Nilijiambia kwamba ni kazi ya Mwalimu Wafula kusema, na Mwalimu Wafula alikuwa anajipangusa makombo kifuani. Nilijiambia kwamba msichana wa kidato cha tatu habishani na watu wazima mbele ya mgeni. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilipoinuka refa alikuwa ameshapuliza.

Tulibadilishana pande, na hilo silalamikii, tungebadilishana siku yoyote. Nililinda lango la chini, nimesimama ndani ya maji ya kufika vifundoni. Tulicheza vibaya, kwa hasira, kila mtu akitaka kufunga bao moja la kulipa kile tulichonyang'anywa. Karibu na mwisho mshambuliaji wao mmoja aliupiga mpira mrefu bila nia yoyote, ukateremka, ukafika kwenye dimbwi ukasimama kabisa. Nilitoka kuufuata, nikateleza, nikaanguka kifudifudi. Msichana yule aliupita mwili wangu akausukuma mpira kwa unyayo, taratibu, hadi ndani. Hatukupata nafasi nyingine. Bwana Ratiba alihakikisha mechi inamalizika mapema ili hotuba zisichelewe, na katika hotuba yake alitusifu sisi tulioshindwa kwa nidhamu yetu. Nidhamu! Nekesa aliisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama wima, matope yamemkauka magotini. Alimaliza muhula ule, na uliofuata kiti chake kikapewa mtu mwingine.

Bwana Ratiba alipanda cheo, kisha akapanda tena, na alipostaafu alifanyiwa sherehe yenye hema na keki. Watu walisimama mmoja mmoja kueleza jinsi alivyokuza vipaji vya vijana. Nilikuwepo, kazi yangu ilinilazimu, na nilikula keki yake nikimdharau kwa kila tonge. Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo, lazima nikiri. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama binti yangu akicheza, shule moja upande wa Chepkoilel, na radi ikaanza kipindi cha kwanza kikiwa hakijaisha. Refa alikuwa msichana mdogo, labda hajafika miaka ishirini na mitano. Alisimamisha mchezo, akatazama saa, akaandika kwenye kidaftari, akawatoa wote uwanjani. Mvua ilipopita aliwarudisha, akaweka mpira mahali pale pale, wakacheza dakika tisa zilizobaki, ndipo akawapa mapumziko yao kamili. Baba mmoja kando yangu, ana simu mbili na mwavuli wa benki, akanung'unika, "Si hawa wamepumzika tu wakati wa mvua?" Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kwa sauti, na mke wake akanigeukia. Lakini sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilichoona ni jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi, kalamu na saa tu, na nikashindwa kulala usiku.

Kesho yake nilikwenda Huruma. Nekesa ana karakana yake sasa, aliirithi kwa baba yake akaipanua, na ana vijana watatu anaowafundisha kuchomelea. Geti la nyumbani kwangu alilitengeneza yeye. Miaka yote hii tumesalimiana, tumeulizana habari za watoto, na mechi ile hatujawahi kuitaja. Nilimkuta ameinama juu ya fremu ya dirisha. Alipozima mashine na kuinua ile barakoa ya chuma, nilisema haraka kabla sijabadili nia.

"Nekesa, ile siku ya mvua, mimi nilikuwa najua sheria. Nilikuwa nimeisoma. Ile penalti ilikuwa yetu, na nilinyamaza."

"Najua," akasema.

"Unajua aje?"

"Chebet, si wewe ndio ulinisomea hicho kitabu tukienda, kwa lori, mpaka tukafika? Mimi ningejua aje kumwambia huyo mzee ni penalti yetu?" Hakuwa na hasira, alikuwa anapangusa mikono. "Nilisema yangu. Halafu nikangoja mwenye amesoma aseme."

Aliniuliza kama nitakunywa soda, nikasema hapana, akashusha barakoa na kurudi kwenye dirisha lake. Nilibaki nimesimama pale, nimegeuza uso nisiumizwe macho na mwanga, nikimkumbuka Bwana Ratiba na dharau yote niliyomwekea kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye, angalau, hakuwa amesoma.