Kituo cha gari barazani kwa Mzee Asajile: kilinifaa mimi, kina mama wakakikimbia

Wakuu, mugonile.

Nimesoma nyuzi zenu za treni za mjini na mabasi ya mwendokasi, nikasema ngoja na mimi wa Kyela nitoe ya kwetu. Siuzi chai. Aliyeko Ndandalo amuulize jirani yake.

Mimi ni fundi cherehani, natumia kiti cha magurudumu. Naishi Ndandalo, kibanda changu cha kazi kipo Kyela mjini.

Mji unakua kwelikweli, ila mimi kufika huko ilikuwa ni kukumbatiwa na makonda nisiowajua. Mmoja kwapani, mwingine miguuni, sketi inapanda, abiria wanatazama. Kila siku ya Mungu.

Nilichoka. Nikaapa nitapanda gari kama watu wengine.

Likaja wazo la ruti mpya, Ndandalo hadi mjini. Nikajipeleka kwenye kikao cha mwenye gari na viongozi wetu bila kualikwa. Nikabishana nao mpaka wakakubali Hiace itolewe siti ya mlangoni ili kiti changu kikae.

Kituo tukakiweka kwenye duka la Mzee Asajile. Baraza lake limeinuka, liko usawa wa sakafu ya gari. Unalaza ubao, nasukuma magurudumu, niko ndani. Siku ya kwanza nililia, sioni aibu kusema.

Sasa shida. Gari likawa linaondoka tupu. Mimi na wazee wawili watatu, basi.

Mwenye gari alivumilia, mwisho akasema mwezi ukiisha analipeleka Ipinda kwenye abiria. Nikaona makonda haoo, wananirudia.

Kilichoniudhi zaidi, kina mama nilikuwa nawaona. Wanapita kule mbali kwenye majaruba ya mpunga, ndizi kichwani, wanazunguka hadi barabara kuu. Mmoja mjamzito, anakwenda kliniki kwa miguu na gari liko pale linanguruma. Nikajisemea, hawa wanaringa nini?

Nikamwita jirani yangu Atupele, ambaye ameolewa na mtoto wa Mzee Asajile. Nikambana. Alicheka kwanza, halafu akasema taratibu:

"Dada, pale barazani anashinda baba mkwe. Sisi tupandie wapi?"

Aisee.

Kwa wasiojua: kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anachepuka. Familia nyingi zimelegeza, ila ukoo huu bado. Na mzee ana watoto wa kiume kibao, ndugu zake vilevile. Nusu ya kina mama wa pale ni wakwe zake!

Kikaoni walikuwa wanaume tu, na mimi ambaye sijaolewa na nimekulia Mbeya mjini. Hakuna aliyewaza.

Nikarudi kwa mwenye gari, nikamwambia kituo kihamie njiapanda, nyuma ya migomba, ambako mzee haoni. Akakubali chap. Ila akasema kule hakuna baraza, kwa hiyo mimi nitabebwa.

"Sibebwi," nikamwambia. "Kituo kinahama, na mimi napanda."

Akasema basi jengeni wenyewe, na mwezi usiishe.

Tukajenga baraza letu la kupandia. Atupele na wenzake walisomba tofali za kuchoma, wakashindilia udongo kwa miguu. Mteremko tuliupimia kiti changu. Nikipanda nikarudi nyuma, wanabomoa wanaanza upya, huku wananicheka. Mvua ya Kyela mnaijua, ilikuja ikabeba kazi yote. Tukarudia.

Saruji alitoa Mzee Asajile dukani kwake. Alimtuma mwanawe mkubwa ailete, maana yeye hawezi kuja walipo wakwe zake.

Siku ya kuanza, gari lilisimama njiapanda na kina mama wamejaa. Hakuna aliyepanda. Walisubiri nipande mimi kwanza, kwa mikono yangu mwenyewe, ndipo wakaingia na ndizi zao. Yule mjamzito alikaa karibu yangu.

Likabaki moja tu ambalo hatukulifikiria. Njia ya mjini ni ileile, lazima gari lipite mbele ya baraza.

Tulipokaribia, wakwe wakaanza kujifunika khanga hadi usoni. Dereva akapiga honi, sijui kwa nini. Mzee Asajile akainuka, akageuza kiti chake, akakaa anatazama ukuta wa duka lake mpaka tukapita.

Hakuna aliyemwomba.

Funzo langu wakuu: ukipanga njia ya watu, usiulize tu nani atapita pale. Uliza nani hawezi kusimama pale, na umuulize mwenyewe. Mimi nilijua mlango ulionifungia nje miaka yote, na bado sikuona uliowafungia wenzangu.

Kwenu je, kuna kituo gani watu wanakikwepa na wapangaji hawajui? Tiririkeni, nitajibu wote. Ndaga fijo, asanteni sana.

Nawaandikia nikiwa ndani ya gari. Honi imelia sasa hivi, na mzee anageuza kiti.