Mashini ya Viberiti

Siku ile uani kwetu Kabuta tulikuwa wanne. Mimi, Yaya kwa wadogo zangu, mkubwa wa nyumba tangu wazazi walipofariki. Mdogo wangu wa kiume, aliyesoma chuo kikuu Lubumbashi. Dada yetu wa mwisho, aliyeng'oka meno ya mbele, mapya bado kuota. Na Mama wa Kilwa, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo kutuletea maharagwe na kurudi na chisense, dagaa wetu tunaowaanika mchangani. Boti lilikuwa limekwisha kupakiwa, na mdogo wangu alikuwa aondoke nalo kurudi chuoni.

Sikuweza kukaa. Nilikuwa nageuza dagaa waliokwisha kukauka, narudi kumchungulia, naondoka tena.

Somo lililomtesa aliliita akili ya mashini. Chuoni walikuwa na chumba kimoja cha ordinatere, yaani kompyuta, na umeme ulikuja unapotaka, kwa hiyo mwalimu wao aliwafundisha kwa viberiti vitupu. Kila mwanafunzi aunde mashini yake, aifundishe mchezo likizoni, kisha ikacheze na mwalimu mbele ya wote. Isipojifunza, mwanafunzi anarudia mwaka. Mwaka wa kurudia hatukuwa nao. Mimi niliachia darasa la saba ili yeye aendelee, na dada yetu alikuwa anangoja zamu yake.

Mchezo ulikuwa rahisi. Mawe tisa chini. Kila mmoja kwa zamu anaokota moja au mawili. Anayebakiziwa la mwisho ameshindwa. Kila kiberiti kiliandikwa hesabu ya mawe yaliyobaki na kutiwa punje za rangi mbili. Zamu ya mashini ikifika, unatikisa kiberiti na kuchomoa punje ya maharagwe bila kutazama: nyeupe ni jiwe moja, nyekundu ni mawili. Mashini ikishinda, punje zilizotumika zinarudishwa na kuongezewa nyingine. Ikishindwa, zinatolewa. Mwishowe zinabaki punje nzuri tu, na hapo ndipo imejifunza.

Maharagwe tuliyaazima kwa Mama wa Kilwa, katika mbegu zake. Dada yetu ndiye aliyeshika viberiti. Likizo nzima walicheza, na mashini ilikuwa bado haijajifunza kitu.

“Hiyo mashini yako iko kama bwana yangu wa kwanza,” Mama wa Kilwa alisema, ameketi juu ya gunia. “Unamufundisha, anaitika, kesho ni yale yale.”

“Mama, ungoje kidogo,” mdogo wangu alisema.

“Mimi nitangoja. Mwenye boti hatangoja.”

Mdogo wangu alinitazama. “Yaya, pengine ni mimi njo sina akili. Nibaki hapa, nitege nyavu.”

“Na hiyo miwani?” Mama wa Kilwa alisema. “Samaki watakucheka.”

“Utaondoka leo,” nilimwambia. “Cheza.”

Mashini ikashindwa tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dada yetu, nikaona. Alitoa punje, akazificha kiganjani, na kaka yake alipoinama kupanga mawe, akazirudisha kiberitini.

“Unafanya nini?” nilimuuliza.

“Imeshindwa,” alisema. “Halafu munainyang'anya chakula. Itapata nguvu wapi?”

Sheria hiyo ilikuwa yangu. Mwaka wa kwanza wa uyatima wetu nilisema kwamba anayerudi mikono mitupu, atoke ziwani au shuleni, ndiye anayepakuliwa kwanza. Mtoto alikulia humo, hakujua nyingine.

Mdogo wangu alivua miwani. “Mashini haina tumbo, mutoto,” alisema polepole.

“Sasa kwa nini munaipa maharagwe?”

Mama wa Kilwa alicheka mpaka gunia likatikisika.

Tukaanza upya. Mtoto alikataa kutoa punje, basi nikakaa chini mimi, nikazitoa. Aliniletea kikombe cha bati. “Utie humu, Yaya. Ni zake. Siku moja tutairudishia.” Kila nilipotia moja, ililia ndani ya bati, na mimi niliisikia. Hata hivyo mashini ilianza kushinda. Ilimshinda mdogo wangu, ikanishinda mimi, ikamshinda Mama wa Kilwa, akadai imeloga mawe. Injini ya boti ilipowaka, tulifunga viberiti kwa uzi wa nyavu, punje zikiwa ndani.

“Na mbegu yangu?”

“Ukirudi, Mama. Bakuli zima.”

“Lijae mpaka juu. Usinipimie kizungu.”

Habari zililetwa na mwenye boti aliporudi: mashini ilimshinda mwalimu, mwalimu akaomba kucheza tena. Mdogo wangu alipita.

Mama wa Kilwa hakuwemo ndani ya boti hilo. Kisha vita vilirudi ng'ambo, maboti yakakoma, na yalipoanza tena nilimuulizia kwa kila aliyeshuka. Hakuna aliyejua habari zake. Punje za kikombeni hazifiki hata nusu bakuli, na dada yetu hakubali ziguswe. Kwa hiyo kila mavuno natenga maharagwe mengine, meupe na mekundu, bakuli limejaa mpaka juu. Wadudu wakiyaingia tunayapika, natenga tena. Injini ikisikika upande wa Kilwa, nainuka.