Gogo la Dawati la Nyuma

Ati Gogo! Mama Mashine alipoambiwa kwamba hilo ndilo jina la binti yake shuleni, alizima mashine ya kusaga, na debe la mteja halijafika hata nusu. Wateja wakatazamana. Huyu mwanamke hazimi mashine yake hata akiumwa.

Habari aliileta mwalimu wa darasa mwenyewe, kasimama mlangoni anajipangusa unga begani.

"Mama, nimekuja kwa heri. Mtoto wako ana kichwa cha panzi. Ukimwita haitiki, ukimtuma anasahau njiani, ikifika mchana kalala kama gogo. Jumatatu anarudi darasa la chini, akakae na wadogo zake."

"Binti yangu huyu?"

"Huyu huyu. Nimemhamishia dawati la nyuma kabisa labda aone haya, wapi! Sikio la kufa halisikii dawa."

Huyu huyu, jamani! Mtoto ambaye wateja wanamwita Chapuchapu! Mashine ikinguruma pale hakuna anayemsikia mwenzake, watu wanaongea kwa mikono na uso. Ukisugua vidole, unataka unga laini. Ukisugua viganja, unataka mahindi yakobolewe. Hujamaliza kusugua, mtoto keshabeba debe. Foleni ifike barabarani, bado anakumbuka mfuko upi ni wa nani. Mama Mashine alifoka kwamba mzito labda ni anayefundisha, na mwalimu akaondoka amenuna.

Asubuhi yake alijifunga kibwebwe, akaenda kusimama kwenye dirisha la darasa, unga bado kwenye nyusi. Alitaka kuuona huo ugogo kwa macho yake.

Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni huku anaongea, mgongo kawapa watoto. Kule nyuma Chapuchapu kanyoosha shingo: anatazama kisogo cha mwalimu, anatazama mdomo wa jirani, anachungulia daftari la mwenzake, anarudi kwenye kisogo. Darasa likacheka, yeye akacheka wa mwisho, kwa kuwaangalia wengine. Loo, kazi gani hiyo ya kumpa mtoto! Haikupita muda mabega yakashuka, kichwa kikalala juu ya dawati. Atakumbuka nini, na nguvu zote zimeishia kwenye kukimbiza midomo ya watu?

Mama Mashine aliingia bila hodi, akasimama nyuma ya mwanawe, akamwita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Alipoita kwa sauti ile ya kwenye mashine, mpaka mwalimu akadondosha chaki, ndipo mtoto akainua kichwa.

Nyumbani kwao wote ni watu wa kupiga kelele na kutazamana usoni. Nani angejua?

"Hasikii vizuri!" alisema Mama Mashine, na sauti ikapanda. "Mwaka mzima mnamwadhibu mtoto kwa masikio yake, na dawa mliyoona inafaa ni kumsogeza mbali zaidi!"

"Lakini mama, hata wewe hukujua."

"Sikujua! Na hilo litanichoma mpaka nife. Lakini mimi sijamwita gogo."

Akalikamata dawati, akaliburuta kutoka nyuma hadi mbele, miguu yake ikikwaruza sakafu, watoto wanapisha, binti yake anamfuata na daftari kifuani.

"Na lile suala la darasa la chini?" mwalimu aliuliza, taratibu.

"Darasa la chini nenda wewe. Mchana nampeleka hospitali akapimwe masikio. Sasa hivi fundisha."

Mwalimu aliokota chaki, akaugeukia ubao, akaanza kuuliza swali.

"Geuka," alisema Mama Mashine. "Mtoto anakuangalia."

Akageuka. Akauliza upya, uso kwa uso. Hajamaliza kuuliza, Chapuchapu keshajibu, na jibu ni sahihi.

Mama Mashine hakutabasamu. Alibaki kasimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka kengele ikalia.